Goti la Yaya Fiston

Juzi mteja aliniletea mfuko wa jezi kuukuu ili nichukue vipimo. Ni mwalimu wa michezo wa shule moja ya kusini mwa jiji, kijana mwenye haraka, na hakuwa amezifua. Nilipofungua zipu, karakana nzima ikanuka nyasi kavu, jasho la watoto na ile dawa ya kuchua misuli inayowasha pua. Wasichana wangu wa mashine waliziba pua wakacheka. Mimi nilitafuta kiti nikakaa. Mmoja wao akaniuliza, "Boss, uko sharp?" Nikamwambia niko sharp, yaani niko sawa, aendelee kukata kitambaa. Lakini sikuwa tena karakanani kwangu Doornfontein. Nilikuwa mtoto, nimekaa kwenye benchi la uwanja wa shule, miguu yangu haifiki chini, na kaka yangu, Yaya Fiston, yuko hewani.

Nianze kwa kusema mimi ni nani, maana sipendi watu wanaojificha nyuma ya maneno yao. Mimi ni binti wa msusi wa nywele wa mtaa wa Rosettenville. Nilikwenda Australia kwa nguvu zangu, nikaosha vyombo vya watu hotelini, nikasoma, nikapata diploma ya ubunifu wa mavazi, kisha nikarudi Johannesburg wakati wenzangu wote walikuwa wanatafuta njia ya kuondoka. Karakana ni yangu. Jina lililo juu ya mlango ni langu. Ukipita uwanjani siku ya Jumamosi, nusu ya watoto unaowaona wakikimbia wamevaa kazi ya mikono yangu. Nimejijenga mwenyewe, na asiyependa kulisikia hilo anaweza kuiruka aya hii. Lakini katika nyumba yetu mwenye kipaji hakuwa mimi. Alikuwa kaka yangu. Mimi kila nilichopata nimekipata kwa kujikokota. Yeye alipewa tu, kama mtu anavyopewa sauti nzuri, kisha akanyang'anywa.

Nilimwita Yaya kwa sababu kwetu Uvira, Kongo, ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu, awe wa kiume au wa kike. Papa, baba yetu, alikuwa amebaki Uvira, kaburini. Tulikuwa watatu katika chumba kimoja na nusu: Mama, Yaya na mimi. Ile nusu ilikuwa ya Yaya, nayo ilikuwa imetengwa kwa kitenge kilichotundikwa kwenye kamba. Nikiamka asubuhi nilikuwa naona miguu yake imetokeza chini ya kitenge, mirefu, imekauka, ina makovu meupe, na nilikuwa nikidhani kila mtu ana kaka mwenye miguu ya namna hiyo.

Mchezo wake wasomaji wengi hawaujui, kwa hiyo nieleze kidogo. Ni mpira wa miguu wa Waaustralia. Sisi watoto tuliuita mpira wa yai, kwa sababu una umbo la yai, na ukidunda wenyewe haujui unakokwenda. Uwanja ni wa duaradufu, mkubwa kuliko wa soka. Kila upande zinasimama nguzo nne, hakuna wavu wala kipa. Unaupiga kwa mguu, unampasia mwenzako kwa kuupiga ngumi, na mtu akipiga kwa mguu nawe ukaudaka kabla haujagusa chini, wote wanakuachia nafasi upige kwa utulivu. Kwa hiyo kila mtu anataka kudaka. Na sheria inakuruhusu, ukitafuta mpira ulio juu, kumpanda mwenzako mgongoni, goti lako likamkandamiza begani, ukaenda juu kama mtu anayeparamia ukuta.

Mpira huo uliletwa shuleni kwetu na Kocha Themba, mtu wa Soweto, mfupi, mwenye kofia isiyotoka kichwani. Alikuja na gunia la mipira akawaambia wavulana kwamba huu ni mchezo ambao hakuna mtu hapa aliyezaliwa anaujua, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake. Nadhani ndilo neno lililomvuta Yaya. Soka la mtaani lilikuwa na wenyewe. Kila alipojaribu kuingia walimwita kwerekwere, yaani mgeni asiyejua kusema, wakampa kazi ya kuokota mipira iliyovuka barabara.

Siku ya kwanza aliporuka mimi nilikuwepo, kwa sababu Mama alikuwa akisuka mpaka jioni na Yaya ndiye aliyenichunga. Mpira ulipigwa juu sana. Wavulana watano walikuwa chini yake wanasukumana. Yaya alitoka nyuma, akakimbia hatua chache, akampanda kijana mmoja mnene aitwaye Sipho, na akabaki kule juu. Nasema akabaki, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Wengine wakipanda huwa wanashuka. Yeye alisimama hewani kidogo, akautazama mpira ukija, akaupokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga kutoka kwa mama yake, ndipo akakumbuka kushuka.

Kocha Themba alivua kofia. Tuliona kwa mara ya kwanza kwamba ana upara.

"Eish," Sipho alisema akijipangusa mgongo. "Huyu mtu alitaka kupanda ghorofa?"

"Samahani, bro."

"Samahani ya nini? Rudia. Nataka nione mwenyewe, mara hii mpande Lucky, yule pale."

Tangu siku hiyo hawakumwita kwerekwere. Walimwita Lifti. Mimi lakini sikuelewa mambo hayo. Niliamini kwamba kupandwa mgongoni ni aibu, kwamba wavulana wale wanaweka kinyongo, na kwamba siku moja watakusanyika walipize. Nilikuwa nikiwachunguza usoni wakinywa maji. Kila Sipho alipomkumbatia Yaya baada ya mchezo, nilidhani anamtafutia mahali pa kumbana.

Mama alikuja kutazama mara moja, msimu wa baridi, nyasi zimegeuka rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa na vumbi la njano likipeperushwa kutoka kwenye vilima vya mchanga wa migodi. Alisimama ukingoni amejifunika blanketi begani.

"Huu ni mpira, ama ni kuku wanagombania mahindi?"

"Mimi ndiye jogoo, Mama," Yaya alimjibu akipita mbio.

"Jogoo ndiye anayechinjwa Noeli, weye. Vaa sweta."

Alisema hivyo lakini nilimwona akiangalia watu waliokuwa wanamshangilia mwanawe. Walikuwa wazazi wa Kizulu, Wareno wawili wazee wenye duka la mikate, walimu. Wote walikuwa wanaita jina lake, au lile la utani. Mama hakuwa amezoea jina la mtu wa nyumbani kwake kuitwa kwa sauti na watu wasiokuwa polisi. Akalegeza blanketi. Akarudi kusuka akiimba wimbo chini chini.

Ndipo ikaja habari. Watu watatu kutoka Australia watakuja kutazama vijana, wachague wachache wapelekwe Melbourne kufundishwa, na atakayeonekana kufaa abaki huko na timu ya vijana, asome na kucheza. Kocha Themba alikuja chumbani kwetu kulieleza hilo. Alikaa kwenye kitanda cha Mama akiwa ameshika kofia mapajani, akasema kwa Kiingereza cha polepole kwamba amefundisha vijana wengi, na kwamba huyu akienda hatarudishwa. Yaya alikuwa akitafsiri, na alipofika hapo akatazama chini.

"Amesema nini?" Mama aliuliza.

"Amesema nitajitahidi."

Mama alikuwa ameshaelewa. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akaomba maombi. Kanisa letu lilikuwa katika ukumbi uliokuwa zamani duka la samani, na kwenye kioo cha mbele bado kulikuwa na alama za maandishi ya bei. Watu wa Uvira, Bukavu, Kalemie na Lubumbashi walijaa humo: wasusi, mafundi cherehani, walinzi waliotoka zamu na macho mekundu. Kila mmoja alikuwa na ombi la karatasi za ukaazi, la kazi, la mtu aliyebaki nyuma. Lakini kwa wiki zile waliweka maombi yao pembeni wakamwombea Fiston. Mama Zawadi, aliyekuwa jirani yetu na mkandaji wa watu waliovunjika, aliniambia, "Kaka yako akifika kule, sisi wote tumefika." Nilidhani anasema kweli kabisa, kwamba tutapanda ndege pamoja, kanisa zima, na nilianza kuwaza nani atakaa dirishani.

Goti liliumia siku ya mazoezi ya kawaida. Ardhi ilikuwa ngumu kama saruji. Yaya alipanda kama alivyozoea, akadaka, na aliposhuka mguu wa kulia ulitangulia peke yake, mwili ukageuka, mguu ukabaki. Nilisikia mlio, kama kijiti kilichofunikwa kitambaa kikivunjwa. Hakupiga kelele. Alikaa chini akaliangalia goti lake kwa mshangao, kama mtu aliyeambiwa neno baya na rafiki. Mimi nilimtazama Sipho. Nilijua wamelipiza. Nilimfuata nikampiga mateke ya miguuni mpaka Kocha akanibeba. Sipho hakunizuia. Alikuwa analia.

Kocha alitupeleka hospitali kwa gari lake. Daktari kijana aliligusa goti, akasema lazima lipigwe ile picha kubwa inayoonyesha kano za ndani, na kwamba kabla ya picha hiyo asicheze, asiruke, atembee kwa magongo. Tarehe ya picha ilikuwa mbali, siku chache tu kabla ya siku ya wale wageni. Kocha Themba, njiani kurudi, alisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, ikawaka kijani, naye hakuondoka mpaka magari ya nyuma yakapiga honi. Akasema, "Fiston, kuna mwaka mwingine. Nisikilize. Kuna mwaka mwingine."

Yaya alisema ndiyo, Kocha.

Nyumbani Mama Zawadi alimkanda kwa maji ya moto na chumvi, asubuhi na jioni, akimwambia aume taulo. Uvimbe ulipungua. Uvimbe wowote hupungua, leo najua hivyo, nimesoma na nimeishi na wanamichezo. Lakini Mama aliuona ukipungua siku baada ya siku huku kanisa likiwa kwenye mfungo kwa ajili ya goti hilo, na asiyekuwepo asimcheke. Mwanamke aliyemzika mume, akavuka nchi na nchi akiwa na watoto wawili, akaona goti lililokuwa kama boga likirudi kuwa goti, alikuwa na haki ya kujua ni nani aliyelifanya hivyo.

Jumapili ile Pasta aliuliza kama kuna mwenye ushuhuda. Katika makanisa yetu ushuhuda si maneno tu. Unasimama mbele ya watu, unasema Mungu amekutendea nini, kisha unacheza, na watu wanatoka vitini kucheza nawe, kwa sababu wao ndio waliofunga na kukesha. Ukishashuhudia, jambo hilo limekwisha. Kurudi nyuma na kusema bado linauma ni kama kumnyang'anya Mungu sifa uliyompa jana, tena mbele ya walioshinda njaa kwa ajili yako.

Mama alikuwa amesimama kabla Pasta hajamaliza kuuliza.

"Bwana asifiwe."

"Amen."

"Mumwone mtoto huyu. Mliomwona akibebwa, mumwone. Fiston, simama, papa. Acha hivyo vijiti."

Namkumbuka Yaya akimtazama Mama. Mama alikuwa anacheka. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona meno yake ya nyuma. Tangu Uvira alikuwa akicheka kwa midomo iliyofungwa, kama mtu anayeficha kitu kinywani. Yaya akaegemeza magongo kwenye kiti. Akatembea mpaka mbele, polepole lakini sawasawa. Pasta, ambaye alikuwa mtu mwema na sitaki mtu amfikirie vibaya, alimwinamia akamwuliza kwa sauti ya chini, "Kijana, uko sawa kweli?" Nilikuwa kiti cha mbele, nilisikia.

"Niko sawa, Pasta."

Kinanda kikaanza. Yaya akacheza. Alicheza kwa miguu yote miwili, akiinua magoti kama tunavyocheza kwetu, na ukumbi mzima ukatoka vitini. Mama Zawadi alikuwa anampepea kwa leso. Machozi yalikuwa yanamtiririka Yaya mpaka shingoni, na watu waliyaona wakazidi kuimba, nami niliyaona nikapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Nilidhani ndivyo furaha ya watu wakubwa inavyoonekana.

Tarehe ya picha ilipofika hatukwenda. Yaya aliitaja mara moja tu, Mama akiwa anachambua mboga. Mama hakukasirika. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Utamwambia daktari nini? Kwamba Mungu alianza akashindwa kumaliza?" Yaya akachukua kisu akamsaidia mboga.

Wiki zile goti lilikuwa linalia. Akiinama kufunga kamba za viatu lilifanya tik, akinyanyuka tik. Nilimwuliza ni nini. Akaniambia, "Ni Mungu anakaza skrubu." Niliamini. Nilikuwa nikimwendea akikaa, naweka sikio langu juu ya goti lake, analikunjua na kulikunja taratibu ili nisikie kazi ikiendelea. Lilikuwa la moto. Nilidhani ni moto wa kiwandani.

Siku ya wageni Mama alivaa kitenge cha Pasaka. Wale Waaustralia walikuwa watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja, nyuso nyekundu kwa baridi, wamekaa kwenye viti vya plastiki. Kocha Themba alikuwa hatulii. Alikuwa amemwuliza Yaya mara nyingi kuhusu goti, na Yaya alikuwa amemjibu kwa kukimbia mbele yake, kwenda na kurudi, uso mkavu. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa akifanya mazoezi ya kutochechemea mbele ya kioo cha duka la Wareno.

Nitasema kitu na nitakisema kwa kiburi, maana nina haki nacho. Nimekaa katika uwanja mkubwa wa Melbourne pamoja na maelfu ya watu. Nimewaona wakubwa wa mchezo ule, wale ambao picha zao zinabandikwa kwenye mabasi. Sijamwona hata mmoja akipanda kama kaka yangu alivyopanda siku ile. Mpira wa kwanza uliokuja upande wake aliufuata kutoka mbali, akaweka goti la kushoto, lile zima, kwenye bega la Lucky, akaenda juu mpaka yule mwanamke wa Australia akasimama kutoka kwenye kiti cha plastiki na kiti kikaanguka nyuma yake. Hakukiokota. Aliongea na wenzake haraka haraka, na mmoja wao alikuwa anatikisa kichwa kama mtu asiyesadiki.

Mpira wa pili ulikuwa wa kawaida. Hakuhitaji hata kupanda mtu. Aliruka kidogo, akadaka, akashuka kwa mguu wa kulia.

Alianguka. Kocha Themba alikuwa ameshaanza kukimbia. Lakini Yaya alipoinua kichwa aliangalia ukingoni, akamwona Mama amesimama na kitenge chake, mkono mdomoni. Akanyanyuka. Sijui kwa nguvu gani. Alimpa Sipho mpira mkononi, akageuka, akatoka uwanjani akitembea, mgongo umenyooka, kama mtu aliyechoka na mchezo. Alipita mbele ya wale wageni akawatabasamia. Akaenda nyuma ya jengo la vyoo.

Yule mwanamke hakuelewa. Alimfuata Mama, kwa kuwa alikuwa ameambiwa ndiye mama yake, akamwuliza kama kijana ameumia. Mama alijua Kiingereza cha kutosha kupatana bei ya kusuka nywele, na alikijua vizuri kwa namna yake. Alimjibu kwa heshima, akimshika mkono: hapana, hajaumia. Goti lile Mungu ameshalishughulikia. Alilisema hilo kama ushuhuda, na alilisema kumsaidia mtoto wake, ili wasije wakamdhania mgonjwa wakamwacha. Mwanamke akauliza tena, mbona ametoka? Mama akatabasamu tu.

Kwa hiyo walimwona kijana aliyeanguka kidogo, akanyanyuka, akaacha mchezo katikati bila kumwambia mtu. Kocha Themba alikuwa nyuma ya vyoo ameshikilia kichwa cha Yaya aliyekuwa anatapika kwa maumivu. Aliporudi kuwaeleza, alieleza sana, mikono ikienda huku na huku. Walimsikiliza. Walikuwa watu wazuri. Lakini aliyeumia hawakuwa wamekuja kumchukua, na asiyeumia anayeacha mchezo katikati hawakumtaka. Walimchukua Lucky na wengine wawili. Lucky alilia kuliko mtu yeyote.

Nyumbani Mama alisema Mungu hakutaka mtoto wake aende mbali. Alilirudia mpaka likawa historia ya familia. Yaya alikubali. Hakupanda tena mgongo wa mtu. Akapata kazi ya sekyuriti katika jengo la maduka Fordsburg, ya kusimama mlangoni kutoka asubuhi hadi jioni akikagua mifuko, na ndiyo anayoifanya hadi leo. Wateja wanampenda. Hakuna anayejua kwamba yule mtu mrefu anayewabebea mizigo hadi kwenye gari aliwahi kumsimamisha mwanamke wa Australia mpaka kiti chake kikaanguka.

Nilipokwenda Australia, niliwaambia watu nakwenda kutafuta diploma. Nilikwenda pia kutazama mahali alipotakiwa kuwa yeye. Nilinunua tiketi ya kiti cha juu kabisa. Kando yangu alikaa mzee mmoja mwenye skafu ya timu yake, mkarimu, akanigawia viazi vya kukaanga. Katikati ya mchezo kijana mmoja alishuka vibaya, mguu ukabaki, mwili ukageuka. Kutoka kule juu mlio usingeweza kusikika, lakini niliusikia. Niliziba masikio. Mzee aliniambia, "Ni kano ya goti, mama. Watamfanyia operesheni kesho kutwa. Mwakani yuko hapa tena." Alisema kama anayezungumzia gari lililopelekwa gereji.

Labda aliona uso wangu. Akaniambia kwamba si wote wanaorudi. Mdogo wake mwenyewe alikuwa na kipaji kuliko wote wa mji wao. Alifanyiwa operesheni tatu na madaktari bora, na goti likakataa. Sasa anauza matairi, na mchezo ukianza kwenye televisheni anatoka kwenda kumwagilia bustani. Nilimwuliza kama mdogo wake anamlaumu mtu. Mzee alifikiri. "Angalau," alisema, "kila mtu alijua ameumia."

Niliporudi hapa na diploma yangu na akiba yangu, jambo la kwanza halikuwa karakana. Nilimpeleka Yaya kwa daktari mzuri wa mifupa. Nililipa mimi. Picha ile iliyokuwa haijapigwa ilipigwa. Daktari alituonyesha kwenye kompyuta: kano ilikuwa imekatika zamani na hakuna hata mabaki ya kushona, na mifupa imesagana kwa miaka mpaka ile ngozi laini ya katikati imekwisha. Nilimwuliza ilikatika lini hasa, mara ya kwanza, au ile ya pili, au katikati hapo, mtu akicheza dansi juu yake kwa mfano. Daktari alisema picha haisemi hivyo. Yaya alinishika mkono chini ya meza niache kuuliza.

Kwenye gari nilishindwa kunyamaza. "Mbona hukumwambia Mama? Hata neno moja, Yaya. Hata baadaye."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba linauma."

Alitazama nje. Tulikuwa tunapita maduka ya Rosettenville, wasusi wanaita wateja. "Ulikuwa mdogo," alisema. "Weye ulikuwa unatazama miguu. Mimi nilikuwa natazama uso wake."

Mama sasa ni mzee, na bado anakaa ghorofa ya tatu ya jengo lile lile tulimokulia kwa sababu hataki kuwa mbali na kanisa. Alikuwa ametungoja na ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alituangalia mmoja mmoja.

"Huyo daktari wa pesa nyingi amesema nini?"

Nilifungua mdomo. Mimi ni mtu wa kusema, kila anayenijua anajua. Yaya alinitangulia.

"Amesema jeraha ni la zamani, Mama. Limeshajifunga lenyewe, hakuna cha kufanya."

Mama aliinua mikono. "Si niliwaambia? Mpaka picha imekubali." Kisha akanigeukia kwa huruma, maana aliyaona macho yangu. "Usilie, mama. Pesa yako haikupotea. Umeleta ushahidi."

Tulikula. Aliomba baraka juu yetu wote wawili, akataja goti kwa jina. Tulipoondoka alitusindikiza hadi mlangoni, akasimama pale juu kututazama tukishuka, kama anavyofanya kwa kila mgeni. Yaya alishuka ngazi mbele yangu bila kushika chuma, mguu baada ya mguu, mgongo umenyooka, akimwambia kwa sauti ya furaha afunge mlango asipigwe baridi. Alishuka hivyo mpaka kwenye kona, mahali ambapo mtu aliye juu haoni tena. Hapo akashika ukuta kwa mikono miwili, akajiteremsha polepole, akakaa chini kwenye saruji. Nikakaa kando yake. Tuliusikia mlango wa Mama ukifungwa, na kisha tukamsikia yeye, ndani, akiimba.